Kutuma na Kufikisha

Iko tofauti kubwa baina ya kutuma na kufikisha, walakini watu wengi huyachukua mambo haya mawili kuwa ni jambo moja. Mtu akimpelekea jirani yake mwenye njaa kikapu cha unga, na kikapu kikatoboka njiani hata unga wote ukamwagika, mtumaji anaweza kulala usingizi mtamu kwa kudhani kuwa ametenda wema. Jirani hulala na njaa ile ile. Je, wema umetendeka au haukutendeka? Nakuomba, msomaji, ulishike swali hili mkononi kama mtu ashikavyo taa, maana tutapita nalo mahali penye giza: ndani ya mwili wa mgonjwa, ndani ya maabara za wataalamu, na katika njia iendayo kutoka kijijini hata hospitali.

Sisi tukaao Butula hatuna haja ya kufundishwa na wageni maana ya kufikisha. Jirani zetu ni Busia na Malaba, milango miwili ya mpaka wa Kenya na Uganda. Malori hutoka bandari ya Mombasa, yakapita Nairobi, yakapanda na kushuka Bonde la Ufa, hata yakaja kupanga foleni mpakani. Kila lori lina karatasi zake, na kila karatasi ina hesabu ya kilichopakiwa. Mwenye mali aliyeko Kampala hamshukuru dereva kwa sababu aliondoka Mombasa. Humshukuru kwa sababu amewasili, na hata hapo hangoji kuambiwa. Huhesabu magunia mwenyewe. Ikiwa yalipakiwa magunia 300 na yakafika 290, patakuwa na maswali. Basi ikiwa chumvi na saruji hupewa heshima ya kuhesabiwa zinapofika, je, dawa ya kuokoa uhai wa mtoto haistahili heshima hiyo?

Nimechagua kulichungua jambo hili kwa mfano wa saratani, kwa kuwa katika ugonjwa huu wataalamu wa dunia wanajishughulisha sana na kufikisha kuliko katika maradhi mengi mengine.

Saratani ni ugonjwa wa uasi. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli nyingi mno, nazo hufuata sheria: huzaliwa, hufanya kazi yake, kisha hufa kwa wakati wake na kuziachia nyingine nafasi. Seli ya saratani huikataa sheria hiyo. Huzaana bila ya kiasi, hula chakula cha jirani zake, na mwishowe huhama ikaenda kuanzisha makao katika viungo vingine. Taabu ya tabibu ni kwamba mwasi huyu si mgeni. Amezaliwa katika mwili ule ule anaoudhuru. Mkulima wa Magharibi ya Kenya anaijua taabu ya namna hii shambani mwake. Liko gugu lenye maua ya zambarau, ambalo wengi huliita kayongo, linalojishika katika mizizi ya mahindi chini ya udongo na kunyonya humo. Huwezi kulichoma moto bila ya kuyachoma mahindi. Dawa za kwanza za saratani zilikuwa kama moto huo. Zilitiwa katika mshipa, zikaenea mwilini kote, zikaua seli za ugonjwa na pamoja nazo seli za nywele, za utumbo na za damu. Zimeokoa watu wengi na zingali zinawaokoa, lakini mwili huzilipia kwa maumivu makubwa.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamejiuliza: je, haiwezekani dawa ikafungwa ndani ya chombo kidogo kitakachoipeleka kwenye seli mbovu na kuzipita zilizo nzima? Chombo hicho ndicho chembe ya nano. Nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Chembe yenye upana wa nanometa 100 ni ndogo hata chembe 10,000 za namna hiyo, zikipangwa katika mstari, hazizidi milimita moja. Ndani ya chombo kama hiki yaweza kutiwa dawa ya kawaida, na siku hizi wataalamu wanajitahidi kutia protini.

Protini ni watumishi wa mwili. Ziko zinazojenga misuli, ziko zinazovunja chakula, ziko zinazopigana na maradhi. Ziko pia zinazoweza kuiua seli ya saratani zikiingia ndani yake, au kuizuia isizae tena. Lakini protini ni msafiri dhaifu. Ukiimeza, tumbo huisaga kama lisagavyo maharagwe. Ukiitia katika damu peke yake, aghalabu huvunjwavunjwa kabla ya kufika. Na hata ikifika, ni kubwa mno kupenya ukuta wa seli. Basi hufungwa ndani ya kitone cha mafuta au chembe ya namna nyingine, na juu ya chombo hubandikwa alama inayotambulikana na seli ya ugonjwa, kama ufunguo unavyotambulikana na kufuli lake. Tena chombo hicho chaweza kubeba kitu chenye kung'aa au chenye kutoa mionzi, ili mashine ionyeshe mahali uvimbe ulipojificha. Hivyo mjumbe mmoja hupewa kazi mbili, kuonyesha na kuponya.

Kazi hii ya kubebesha protini bado kwa sehemu kubwa imo katika maabara na kwa wanyama wa majaribio. Lakini ndugu zake wa karibu wamekwisha kuingia hospitali. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu Doxil, dawa iliyofungwa katika vitone vidogo vya mafuta. Mwaka 2005 ikaruhusu Abraxane, ambayo dawa yake imeshikamanishwa na albumini, protini iliyomo katika damu ya kila mtu. Wala usidhani, msomaji, kwamba mambo haya yapo ng'ambo tu. Chanjo za Pfizer na Moderna za kuzuia korona, zilizoletwa Kenya mwaka 2021, zilikuwa vitone vya mafuta vya kipimo hicho hicho, vimebeba maagizo ya kuufundisha mwili kutengeneza protini. Na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, ni protini iliyojikusanya ikawa chembe zenye upana wa nanometa 55 hivi, zenye sura ya virusi lakini bila ya uwezo wa kuambukiza. Yamkini elimu hii imekwisha kupita katika mkono wako, nawe hukulijua jina lake.

Sasa tazama jambo ambalo kwangu lina thamani kubwa kuliko vyombo vyenyewe. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, walikusanya matokeo ya majaribio ya miaka 10 yaliyofanywa kwa wanyama, wakauliza swali la yule mwenye mali wa Kampala: katika chembe zilizotiwa mwilini, ni kiasi gani kilichofika kwenye uvimbe? Jibu la wastani lilikuwa asilimia 0.7. Katika kila sehemu 1,000 zilizotumwa, 7 tu ndizo zilizofika. Nyingi katika zilizobaki zilinaswa na ini na wengu, au zilitolewa na figo. Wako wataalamu waliobishana nao juu ya namna ya kupiga hesabu, lakini swali lenyewe hapana aliyeweza kulikataa. Watu hawa walikuwa wakiishughulikia kazi inayosifiwa duniani, inayopewa fedha nyingi na magazeti. Wangeweza kuhesabu chembe walizotuma, wakapigiwa makofi. Wao walihesabu zilizofika, wakajiletea fedheha ya namba ndogo. Katika elimu huo ndio unyofu, nao ni adili kabla ya kuwa hesabu. Tangu hapo wengi wamejua mahali pa kutia juhudi, kwa sababu aliyekubali kuona saba ndiye anayeweza kutafuta ya nane.

Hiyo ni safari ya kwanza ya dawa, safari ya ndani ya mwili. Iko safari ya pili, ya nje ya mwili, nayo ina historia katika nchi zetu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aliyeitwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa na mwenzake Hugh Trowell mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Baadaye kidogo, katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Burkitt hakuyapuuza macho yake. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari kwa gari, majuma 10, maili zipatazo 10,000, wakienda hospitali kwa hospitali kuuliza mahali ugonjwa ulipo na mahali usipo. Waliona kuwa hufuata nchi zenye joto na mvua, mahali malaria inapotawala. Nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria zimo katika ukanda huo, na Busia imo. Ugonjwa ukaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwezi wa Desemba mwaka 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto mmoja kilipakiwa katika ndege kutoka Uganda, kikapelekwa London kwa mtaalamu Anthony Epstein. Siku hiyo ukungu uliufunika mji wa London hata ndege ikageuzwa kwenda kutua Manchester. Kipande kikachelewa, na maji yaliyokizunguka yalikuwa yamechafuka, hata mtu angedhani kimekwisha kuoza. Hakikutupwa. Kilitazamwa kwa darubini, na katika maji yale zikaonekana seli hai zinaelea. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya, nacho ndicho cha kwanza kujulikana kuwa hushiriki katika kuleta saratani kwa wanadamu. Wakati huo huo, Peter Clifford huko Nairobi na Burkitt huko Kampala waliwapa watoto dawa, wakaona vimbe zikiyeyuka. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Humo John Ziegler na wenzake, na baada yao Charles Olweny, Mganda wa kwanza kuiongoza, walithibitisha kuwa dawa zaweza kuiponya saratani hii kabisa. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker huko Marekani kwa kazi hiyo. Hivyo dunia ilijifunza kwa watoto wa nchi hizi, mapema kuliko ilivyojifunza kwa wengi, kwamba saratani si hukumu ya kifo.

Simama hapa kidogo, msomaji, ufikiri. Mzigo uliotoka kwetu ulifika. Ukungu haukuuzuia, wala umbali haukuuzuia. Mji mmoja ulipofunga milango, mzigo uliingilia kwa mji mwingine. Ulipoonekana kuwa umeharibika, hapakukosekana mtu wa kuutazama tena. Kwa nini ulifika? Kwa sababu alikuwako mtu upande wa pili aliyeungoja, aliyeuona kuwa na thamani, na aliyekataa kushindwa na taabu za njiani. Sasa tuulize habari za mzigo wa kurudi.

Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watoto wenye limfoma kali, wengi wao wakiwa na ile ya Burkitt. Kundi moja lilipewa dawa za kawaida. Kundi la pili lilipewa dawa hizo pamoja na rituksimabu, ambayo ni kingamwili, yaani protini inayoitambua seli ya limfoma kwa alama iliyo juu ya ngozi yake. Baada ya miaka 3, katika kundi la kwanza, watoto waliokuwa wameendelea salama pasipo ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 82.3. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 93.9. Ndiyo hali ya tiba mahali inapofika. Lakini katika ukanda ambao watoto wake ndio waliofundisha dunia kuutambua ugonjwa huu, wanaopona ni wachache kuliko hao kwa mbali. Mwalimu amebaki nje ya darasa alilolijenga.

Sababu yake si kwamba miili ya watoto wetu ni ya udongo mwingine. Ifuate safari ya mtoto mmoja wa kijiji chochote cha Butula, nawe utaona. Taya lake linavimba. Nyumbani hudhaniwa ni jino, na juma moja hupita. Jirani hunong'ona kuwa mtoto amerogwa, na juma la pili hupita katika kumtafuta aliyeroga. Akipelekwa kwenye zahanati, huenda akapewa vidonge vya maumivu akarudishwa. Baadaye hufika hospitali ya Khunyangu, kisha ya Busia, kisha huandikiwa kwenda Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, Eldoret, na nauli ya mtoto na mamaye haina budi kutoka katika mihogo iliyouzwa sokoni. Huko lazima kikatwe kipande cha uvimbe, kikatazamwe na mtu mwenye ujuzi. Siku hizi zote uvimbe hausubiri. Limfoma ya Burkitt ni katika saratani zinazokua upesi kuliko zote za mwanadamu. Yaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini katika ugonjwa huu anayengoja huenda asipate hata mahali pa kuujenga ukuta.

Je, huoni mfano? Ini na wengu hunasa chembe ndani ya mwili, na njiani wako wanasaji wao: umaskini, uvumi, umbali, uchache wa wataalamu, na ghala la dawa lililo tupu. Hata mashine za kuonyesha ugonjwa zina safari yake. Tangu mwaka 2018 iko Nairobi mashine inayoonyesha saratani kwa kutumia sukari iliyotiwa mionzi. Sukari hiyo hupoteza nusu ya mionzi yake kila dakika 110, hivyo haiwezi kupakiwa katika basi la usiku kuletwa Busia. Mgonjwa ndiye anayepaswa kusafiri zaidi ya kilomita 400 kuifuata. Na huko Uganda, mwaka 2016, mashine pekee ya nchi ya kutibu saratani kwa mionzi iliharibika, na wagonjwa wakakaa bila ya tiba hiyo nchini mpaka mpya ilipowekwa na kuanza kazi karibu miaka miwili baadaye. Kufikisha basi si tendo la siku moja. Kilichofika na kikaachwa kuharibika ni sawa na kisichofika.

Hapa wanasimama wasemaji wawili, na kila mmoja ana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza ni mzee wa kijiji. Yeye asema: "Msituletee habari za vyombo visivyoonekana kwa macho, hali nauli ya Eldoret tunaiona na hatuna. Dawa za zamani za Burkitt na wenzake huponya watoto wengi zikiwahi. Leteni hizo kwanza. Mgonjwa haulizwi uji. Lakini ninyi mnakaa kubuni vikombe vya dhahabu vya kuutilia uji ambao haujapikwa." Maneno haya yana nguvu. Shilingi ni moja, haiwezi kununua vitu viwili. Nchi inayonunua kitu cha fahari na kuacha cha lazima hulipa fahari yake kwa uhai wa watu wasiohesabiwa.

Wa pili ni mtaalamu. Yeye asema: "Mwaka 1961 kama watu wangesema kuwa nchi maskini haifai kutafuta maarifa, leo hata hizo dawa za zamani mzee asingekuwa na habari zake. Maarifa hayangoji barabara zitengenezwe. Tena, watu wasiojifunza kutengeneza watabaki daima kuwa wapokeaji, na mpokeaji hupewa kilichobuniwa kwa mwili wa mwingine na kwa ugonjwa wa mwingine." Maneno haya nayo yana nguvu, wala hayawezi kufukuzwa kwa kicheko.

Mimi naona hivi. Katika kugawa fedha ya leo, mzee anatangulia. Mtoto anayekufa juma hili kwa kukosa dawa inayojulikana halipwi kwa uvumbuzi wa mwaka ujao. Atakayefaidi uvumbuzi huo ni mtoto mwingine, si yeye. Hapana hesabu inayomrudisha. Lakini mzee atakosea akiifanya haki yake kuwa ukuta wa kuwazuia vijana wasijifunze, kwa maana mjukuu wake ndiye atakayeumia kwa ukuta huo. Mtaalamu naye atakosea akidhani kuwa kazi yake huisha mlangoni mwa maabara. Mizani ya kuwapima wote wawili ni moja: ni nini kilichofika kwa mgonjwa?

Wala mizani hiyo si ndoto. Upo mfano wake karibu nasi. Wasichana na wanawake vijana 2,275, wa Kisumu, Thika na Nairobi, walishiriki katika uchunguzi wa ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ili ijulikane kama sindano moja yaweza kutosha. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa sindano moja ilizuia maambukizo ya kudumu ya virusi vikuu vya ugonjwa huo kwa asilimia 97.5. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dozi moja inaweza kutumika. Zingatia jambo lililoulizwa hapo. Wataalamu hawakuuliza namna ya kutengeneza chembe mpya. Waliuliza namna ya kuifikisha iliyopo kwa safari moja badala ya mbili au tatu. Elimu hiyo ilikuwa ya hali ya juu, ilifanywa katika miji yetu, na ilimpunguzia nauli mama wa kijijini. Hapo mzee na mtaalamu walikuwa wakisema neno moja.

Kwa hiyo sipendi neno sadaka litumiwe katika jambo hili. Mwenye kutoa sadaka hushukuriwa hata akitoa kidogo, na asipotoa halaumiwi sana. Lakini maarifa yaliyotoka katika mataya ya watoto wa Uganda na Kenya yalikuwa mkopo, na mkopo ni deni. Wadaiwa ni wengi. Ziko nchi tajiri na makampuni yaliyojifunza na kufaidika. Ziko pia serikali zetu wenyewe: mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja, Nigeria, waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao, na nchi nyingi hazijatimiza. Ahadi ni kutuma. Bajeti ni kufikisha. Na katika wadaiwa tumo sisi, mimi na wewe, maana njia ya dawa hupita mbele ya milango yetu.

Huenda ukasema, "Mimi ni mwanafunzi; sina fedha wala cheo." Ni kweli, lakini safari ya dawa haina hatua iliyo ndogo. Siku utakapomwona mtoto wa jirani amevimba taya, na watu wakinong'ona uchawi, wewe mwenye kujua neno limfoma utakuwa na hiari ya kunyamaza au kusema. Ukisema siku hiyo, huenda ukampa mtoto yule juma zima, na juma moja katika ugonjwa huu ni umri. Siku dada yako atakapotakiwa kuchanjwa na uvumi ukaingia nyumbani, utakuwa na hiari ya kuuchukua uvumi huo mbele au kuukatia njia. Na miaka michache ijayo, mmoja wenu atakuwa karani wa ghala la dawa, mwingine dereva wa gari la wagonjwa, mwingine mwuguzi, mwingine labda ndiye atakayetengeneza chombo cha nano katika maabara ya nchi hii. Wote mtaulizwa swali moja, nanyi mlijibu kwa unyofu wa wale wa Toronto: msihesabu mlichotuma, hesabuni kilichofika, na namba ikiwa ndogo msiifiche.

Wazee wetu walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kuwa ni kuahidi, wala kusikitika, wala kutia mzigo garini na kuupungia mkono. Mdaiwa hajalipa mpaka mdai apokee mkononi mwake. Na mdai wetu ni mtoto aliyelala kitandani, ambaye siku zake zinahesabika, wala yeye hana kingine cha kutungojea nacho.